Shahada ya pili ya uzamili na viza ya mwanafunzi nchini Uingereza

Swali: Ninamalizia shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, na viza yangu ya mwanafunzi bado haijaisha. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya afya ya umma katika chuo kikuu kingine hapa hapa nchini. Mwanafunzi mwenzangu ameniambia kwamba nitanyimwa viza kwa sababu kozi mpya iko ngazi ileile. Je, ni kweli? Na je, mume wangu na mtoto wetu, ambao wako nyumbani, wanaweza kuja kuishi nami nitakapoanza kozi hiyo?

Jibu: Dada msomaji, mwenzako amekueleza nusu ya kanuni, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu wewe. Ni kweli kwamba mtu aliyewahi kupewa viza ya mwanafunzi, na anayeomba viza nyingine ya aina hiyo akiwa ndani ya Uingereza, anatakiwa kuonyesha kwamba amepiga hatua kitaaluma, yaani awe amefaulu kozi iliyompa viza ya awali na kozi mpya iwe ya ngazi ya juu zaidi. Hata hivyo, kanuni hiyohiyo inaruhusu kozi ya ngazi ileile ikiwa ni ya shahada ya kwanza au zaidi, ikiwa chuo kinachokupokea ni taasisi ya elimu ya juu yenye rekodi ya kutimiza masharti ya udhamini wa viza za wanafunzi, na ikiwa mojawapo ya mambo mawili limethibitishwa: ama kozi mpya inahusiana na ile ya kwanza, ama kozi zote mbili kwa pamoja zinasaidia lengo la kweli la kazi unayokusudia kuifanya.

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kuelewa neno ngazi lina maana gani hapa, maana ombi linaweza kuharibika kwa sababu ya neno hilo moja. Ofisa wa viza hatazami jina la cheti wala idadi ya miaka uliyokaa darasani, bali hutazama namba ya ngazi katika mfumo wa sifa za kielimu unaoitwa RQF. Masomo ya sekondari ya juu yako ngazi ya 3, stashahada ya HND ngazi ya 5, shahada ya kwanza ngazi ya 6, uzamili ngazi ya 7 na uzamivu ngazi ya 8. Stashahada ya uzamili nayo iko ngazi ya 7, kwa hiyo mtu anayetoka kwenye stashahada hiyo kwenda kwenye shahada ya uzamili huhesabiwa kuwa amebaki ngazi moja, ingawa yeye mwenyewe anaamini amepanda. Iwapo chuo chako kipya kiko Uskoti, utakuta namba nyingine kabisa, kwa sababu huko uzamili ni ngazi ya 11 katika mfumo wa SCQF. Hilo si kupanda ngazi. Ni mfumo tofauti wa kuhesabu.

Sasa tuje kwenye hali yako. Usimamizi wa biashara na afya ya umma si fani moja, wala ya pili si ubobezi ndani ya ya kwanza, hivyo singekushauri ulazimishe hoja ya uhusiano wa masomo. Njia iliyo wazi kwako ni ile ya lengo la kazi. Anayetakiwa kulithibitisha jambo hili ni chuo kinachokudhamini, kupitia CAS, yaani uthibitisho wa kupokelewa masomoni ambao bila huo huwezi kuomba viza, lakini chuo hakiwezi kuandika kisichokijua. Kipe maelezo yanayotaja kazi mahususi. Kama unakusudia kusimamia hospitali au mpango wa chanjo, eleza kwamba kozi ya kwanza imekufundisha bajeti, uongozi wa watumishi na ugavi, kisha taja masomo ya kozi mpya, kama vile epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) na upangaji wa huduma za afya, ambayo bila hayo huwezi kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Sentensi ya jumla kwamba unapenda kuisaidia jamii haina uzito hapa, hata kama inatoka moyoni, kwa sababu haimwonyeshi anayesoma maelezo yako ni kwa nini kozi mbili zinahitajika badala ya moja.

Ungerudi nyumbani ukaombea huko, sharti hili la kupiga hatua lisingekubana kwa namna hiyohiyo, lakini ofisa bado ana haki ya kujiridhisha kwamba wewe ni mwanafunzi wa kweli, na anaweza kukuhoji. Wanaopata shida zaidi katika mahojiano hayo ni wale wanaoshuka, kwa mfano mwenye shahada ya uzamili anayeomba kusoma cheti cha ngazi ya 4. Kushuka hakukatazwi, ila kunahitaji sababu inayoeleweka.

Kuhusu muda, uko salama. Kuna ukomo wa jumla wa miaka 2 ya viza kwa masomo yaliyo chini ya shahada na miaka 5 kwa ngazi ya shahada ya kwanza, isipokuwa kwa fani chache ndefu kama udaktari wa tiba, lakini tangu mwaka 2020 masomo ya uzamili na uzamivu hayana ukomo huo. Ukomo huo humbana zaidi mtu anayetaka shahada mbili za kwanza za miaka 3 kila moja, kwa kuwa jumla yake ni miaka 6.

Kuhusu familia, jibu langu si lile ulilotarajia, na ni afadhali ulijue sasa kabla hujalipa ada. Kwa kozi zilizoanza tarehe 1 Januari 2024 au baada ya hapo, mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani hawezi kuleta mwenzi wala watoto kama wategemezi. Wanaoruhusiwa ni wanafunzi wa uzamivu, wale wa shahada za juu za utafiti, na wale wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi 6. Uzamili huhesabiwa kuwa wa utafiti pale tu sehemu ya utafiti asilia inapokuwa kubwa kuliko sehemu ya kufundishwa. Tasnifu ya mwisho wa mwaka haitoshi. Kama kuishi na familia ndilo jambo kubwa kwako, kiulize chuo kama kina uzamili wa utafiti katika afya ya umma, au fikiria uzamivu, ambao ungemaliza pia hoja ya ngazi kwa sababu ungekuwa umepanda.

Lipo jambo moja hukuliuliza, nami singependa ulipuuze. Ukifaulu kozi unayoimalizia, unaweza kuomba viza ya mhitimu, inayokuruhusu kubaki na kufanya kazi kwa miaka 2, au miezi 18 kwa maombi yatakayopelekwa kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Wa uzamivu hupewa miaka 3. Viza hiyo hutolewa mara moja tu maishani, na huangalia kozi uliyoisoma chini ya viza yako ya mwisho ya mwanafunzi. Maana yake ni kwamba ukianza uzamili wa pili kwa viza mpya kisha ukauacha katikati, uzamili wa awali ulioufaulu hautakusaidia kuipata viza ya mhitimu.

Ukiamua kuendelea, kozi mpya lazima ianze ndani ya siku 28 baada ya viza ya sasa kuisha, na ombi huwezi kulipeleka zaidi ya miezi 3 kabla ya kozi kuanza. Linganisha tarehe hizo leo, kisha iandikie ofisi ya udahili ya chuo kipya ukiomba maelezo yako ya lengo la kazi yapitiwe kabla CAS haijatolewa.