Kupima shotigani kabla ya msimu wa bata mzinga: karatasi ndiyo inayopanga umbali, si boksi la risasi

Mkuu, umeuliza kama shotigani yako mpya ya geji 12, yenye choki ya bata mzinga (kipande kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kuubana) na risasi ambazo boksi lake linajisifu kufika yadi 60, ina haja ya kupimwa kabla ya msimu wa machipuko hapa Marekani, au uingie nayo msituni hivyo hivyo. Ukauliza pia kama geji 20, yenye mtutu mwembamba zaidi, itamtosha shemeji. Najibu kwa urefu, maana jibu la "piga moja kwenye boksi tupu, ukiona matundu umemaliza" limeshazoeleka na mimi silikubali hata kidogo.

Tuanze na shabaha yenyewe. Bata mzinga dume aliyekomaa ni ndege mzito, ratili 20 si ajabu, na kifua chake kimevikwa manyoya mazito na nyama nene. Ukimmwagia marisau, yaani zile chembe ndogo zinazotoka ndani ya risasi ya shotigani, kifuani akiwa mbali, ataruka au atakimbia, kisha atakwenda kufia usikomwona. Ndiyo maana analengwa kichwani na shingoni, apatikane kwenye ubongo au uti wa shingo, na sehemu hiyo ni nyembamba kuliko unavyoidhania ukimwona akiwa amejitutumua mkia wote. Kwa hiyo unapopima, unatafuta majibu ya maswali mawili tu. Je, kiini cha mtawanyiko, pale marisau yanaposongamana zaidi, kinaangukia unapolenga? Na hadi umbali gani marisau bado yamesongamana kiasi kwamba kichwa hakiwezi kupita katikati yake bila kuguswa?

Kipimo wanachokitumia wawindaji wengi ni duara la kipenyo cha inchi 10, na ndani yake yaingie marisau yasiyopungua 100. Pale bunduki yako inaposhindwa kufikisha 100, ndipo mpaka wako ulipo. Ukiwa ni yadi 38, basi ni 38, boksi liseme 60 au 80. Aliyeandika boksi hajui mtutu wako, hajui choki yako, wala hajui unavyoshika bunduki.

Maandalizi ya bunduki hayana maneno mengi. Hakikisha haina risasi, toa choki, piga brashi ya shaba ndani ya mtutu uondoe masizi na utando wa plastiki, maana risasi za kisasa hubeba marisau ndani ya kikombe cha plastiki kinachoacha mabaki. Futa mpaka kitambaa kitoke safi. Nyuzi za choki zipake mafuta kidogo sana, rudisha, kaza kwa ufunguo wake. Halafu uikague tena kila baada ya risasi chache, bunduki ikiwa tupu, kwa sababu mtikisiko huilegeza na choki iliyolegea inaweza kuharibika yenyewe na kuuharibu mtutu. Soma pia maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu: chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, ni ya inchi 2¾, 3 au 3½? Risasi ndefu kuliko chemba usiipige hata kama imeingia. Na huwa inaingia, hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa ikifyatuka mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka na presha inapanda kupita kiasi.

Sasa karatasi. Itafute pana, inchi 36 kwa 36 kushuka chini sikushauri. Kaki ya kufungia mizigo inafaa, kadibodi ya boksi la friji inafaa zaidi. Karatasi ndogo inadanganya: kiini kikiangukia pembeni utahesabu matundu machache na kuilaumu choki, kumbe choki ni nzuri ila bunduki inapiga kushoto. Chora alama moja ya kulenga katikati, na kila risasi iwe na karatasi yake. Ukipiga mbili kwenye karatasi moja hutajua lipi ni tundu la nani.

Hakikisha nyuma kuna tuta la udongo. Watu hudhani marisau hayafiki mbali, lakini chembe ya namba 5 (namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi) ya madini ya risasi inaweza kwenda zaidi ya yadi 200 kabla ya kuanguka. Ukienda kwenye uwanja wa shabaha, uliza kwanza kama wanaruhusu marisau kwenye fremu za karatasi, kwani baadhi yao hawataki kabisa. (Kwa wanaonung'unikia bei: kwa sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, bei ya risasi na bunduki ndefu ina kodi ya asilimia 11 inayorudi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori na mafunzo ya uwindaji. Bata mzinga walikuwa karibu kwisha nchi hii mwanzoni mwa karne iliyopita, wakarudishwa kwa kunaswa kwa nyavu na kuhamishiwa misitu mingine. Mimi kodi hiyo hainiumi.)

Anza yadi 20, bunduki ikiwa imelala juu ya mifuko ya mchanga, na utumie risasi nyepesi za bei ya chini, zile za kupigia visahani vya udongo. Lengo ni kuona bunduki inaelekea wapi bila kuliumiza bega. Risasi nzito ya bata mzinga hubeba aunsi 1¾ hata 2 za marisau, na teke lake linamfundisha mtu kufumba macho kabla ya mlio. Ukishaanza tabia hiyo, karatasi zote zinazofuata ni uongo. Vikinga masikio na miwani havijadiliwi.

Kama una darubini ya nukta nyekundu, kaza skurubu zake kabla ya risasi ya kwanza, kisha fanya hesabu. Nyingi husogea takriban inchi 1 kwa yadi 100 kwa kila mbofyo wa skurubu ya kurekebishia. Kwa yadi 20 mbofyo huo ni sehemu ya tano tu ya inchi. Bunduki ikipiga inchi 4 kushoto, unahitaji mibofyo 20 kwenda kulia. Nimewaona watu wanazungusha minne, wanapiga tena, hawaoni badiliko, halafu wanaitukana darubini isiyo na kosa. Mwenye kishanga tu cha kulengea kwenye mtutu hana cha kuzungusha. Ajaribu choki nyingine au risasi nyingine, na ikikataa kabisa aweke kifaa cha kulengea kinachorekebishika. Usijiambie "nitalenga kulia kidogo". Dume akiwa amesimama mbele yako na moyo unakupiga, hiyo "kidogo" hutaikumbuka.

Ikishanyooka, weka risasi zenyewe za msimu na rudia hapo hapo yadi 20, kwa sababu risasi nzito inaweza kuangukia mahali tofauti na nyepesi. Ikikubali, sogea hadi 30, kisha 40. Kila umbali piga zaidi ya moja uchukue wastani. Risasi moja nzuri inaweza kuwa bahati. Baada ya kila mlio tafuta kwa macho sehemu iliyosongamana zaidi, funika kwa sahani ya inchi 10, chora duara, hesabu ukitia kila tundu alama ya kalamu. Kisha chora duara la pili kutoka kwenye alama uliyolenga, uhesabu tena. La kwanza linakueleza choki na risasi zinavyoelewana, la pili linakueleza ndege angepata nini. Yakitofautiana sana, tatizo liko kwenye kifaa cha kulengea au kwenye bega lako. Angalia pia matobo: marisau 110 yaliyorundikana upande mmoja na kuacha mwanya wa kupitisha ngumi siyahesabu kuwa 110.

Hapo kwenye choki na risasi ndipo pesa na ubishi vinapoishia. Marisau namba 5 ya madini ya risasi ni kama 170 kwa aunsi, kwa hiyo aunsi 1¾ inakupa karibu 300, nawe unataka theluthi yake iingie ndani ya inchi 10 kwa yadi 40. Si kazi ndogo. Marisau ya tangsteni, metali nzito sana, yana uzito wa gramu 18 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, wakati madini ya risasi ni 11.3. Uzito huo ndio unaoruhusu kutumia chembe ndogo sana ya namba 9, yenye upana wa inchi 0.08, ikachimba sawa na chembe kubwa ya madini ya risasi, na aunsi moja ikabeba karibu 360. Ndiyo maana duara linajaa. Ubaya wake ni bei, risasi moja inaweza kukutoka dola 10 au zaidi. Kabla hujanunua, soma kanuni za jimbo lako kuhusu ukubwa wa marisau, majimbo mengi yameweka kikomo na hayalingani.

Wengi huamini kwamba choki ikibana zaidi ndiyo bora. Tundu la geji 12 ni kama inchi 0.729, choki ya fulu (iliyobana) ya kawaida huwa karibu 0.695, za bata mzinga hushuka hadi 0.670, 0.660 na chini ya hapo. Lakini madini ya risasi ni laini: ukiyaminya kupita kiasi chembe zinabonyea, na chembe iliyobonyea haiendi moja kwa moja, inapotea pembeni. Kwenye bunduki yangu choki ya 0.660 ilitoa mtawanyiko wenye matobo kwa namba 5, ya 0.670 ikaufunga vizuri na risasi zile zile. Kwa jirani yangu wa uwanjani ikawa kinyume. Hakuna wa kukuamulia hilo isipokuwa karatasi. Tangsteni ni ngumu, kwa hiyo thibitisha mtengenezaji wa choki anairuhusu. Na risasi ya kipande kimoja, ya kupigia paa, isipite kabisa kwenye choki ya namna hii.

Jambo ambalo karibu kila mtu analiruka ni umbali mfupi. Piga karatasi moja kwa yadi 15 uone. Choki iliyobana inatoa rundo la ukubwa wa chungwa, na ndege akitikisa kichwa umemkosa mzima mzima. Ndege wengi wanaokoswa hukoswa karibu, si mbali, na mwenye bunduki huondoka akidhani risasi zilikuwa mbovu. Mimi naona choki iliyolegea kidogo, inayofika 35 kwa uhakika na kusamehe kwa 15, ni bora kwa msitu wa miti kuliko ile ya kutambia picha za yadi 50.

Mwisho wa zoezi ondoka mezani. Kaa chini kama utakavyokaa msituni: mgongo kwenye mti au nguzo, magoti juu, mtutu juu ya goti, umevaa koti na kizibao chako cha uwindaji. Nguo nene hubadilisha kitako kinavyokaa begani, na shavu likiinuka kidogo tu kutoka kwenye kitako, risasi inapaa juu ya kichwa. Hapa tumia karatasi yenye picha ya kichwa na shingo, uhesabu yaliyogonga ubongo na uti. Picha hiyo ukimaliza ikunje uweke ndani ya begi. Kichwa cha dume kina nyekundu, nyeupe na buluu, na rangi hizo hazitembezwi msituni wakati wa msimu.

Baada ya hapo choki usiiguse. Tia mstari mdogo wa rangi kati yake na mtutu ili ikisogea uione, na risasi za msimu ziwe zile zile ulizopimia, si "zinazofanana".

Kuhusu shemeji: geji 20 inatosha, na kwa tangsteni inatosha sana. Risasi yenye aunsi 1½ ya namba 9 ina marisau karibu 540, mengi kuliko geji 12 yako ikiwa na namba 5. Ila asirithi umbali wako. Apige mwenyewe, kwa bega na jicho lake, apate mpaka wake, na kama wake ni 30 na wako ni 40 kila mmoja aheshimu wa kwake. Jihadharini na kitu kimoja mkiwa na geji mbili nyumba moja: risasi ya geji 20 ikitumbukia kwenye geji 12 inapita chemba na kukwama mbele. Unavuta kifyatulio, kimya, unadhani hukuweka kitu, unaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako. Maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano kwa sababu hiyo hiyo, lakini alfajiri gizani njano haionekani. Mabegi tofauti, mifuko tofauti, na kila mmoja akague ya kwake kabla gari halijawashwa.