Jiwe limegonga kioo cha mbele: udai bima au ulipe mwenyewe?

Anayeendesha gari mara kwa mara kati ya Nakuru na Kisumu ajue kwamba siku moja jiwe litagonga kioo chake cha mbele. Hadi Mau Summit tunabanana na malori ya masafa marefu yanayokwenda Malaba na Busia, na katikati yake kuna matipa ya kokoto, mengine bila hata turubai. Mimi husambaza mbegu na dawa za mifugo kwenye njia hiyo, na jamaa na wateja wangu huniuliza swali lile lile: kioo kimepata kijitundu, niipigie kampuni ya bima?

Jibu langu ni kwamba kijitundu kipeleke kwa fundi upesi, ulipe kutoka mfukoni. Bima iwekee siku ambayo kioo kizima kitahitaji kubadilishwa.

Wengi huanza na hesabu ya pesa, lakini jambo linaloamua hapa ni muda. Kioo cha mbele kina tabaka mbili za kioo zilizobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, na ndiyo maana hakikumwagikii usoni kinapovunjika. Jiwe dogo kwa kawaida humegua tabaka la nje peke yake. Fundi mwenye vifaa hufyonza hewa na unyevu kwenye kijitundu, akajaza rezini, yaani gundi nyepesi inayopenya hadi kwenye vijinyufa, kisha akaikausha kwa taa ya mionzi ya urujuanimno na kusawazisha juu. Mara nyingi kazi yote haimalizi saa moja. Alama hafifu itabaki, usimlaumu fundi kwa hilo. Kinachotafutwa ni ufa usiendelee.

Sasa fikiria kioo hicho kikiwa hakijazibwa. Asubuhi uko Mau Summit kwenye baridi na ukungu, umewasha hita. Saa sita uko Ahero kwenye jua kali, umefungulia eyakondishena. Kioo kinatanuka na kunywea, na pale palipomeguka ndipo penye udhaifu. Ongeza matuta na mashimo, ongeza mtu anayebamiza mlango. Kijitundu cha ukubwa wa punje ya mahindi kinaweza kutoa ufa wa kukata kioo upande hadi upande, na hapo hakuna rezini itakayokiokoa. Vumbi na maji ya kuoshea gari nayo yakishaingia ndani, rezini haishiki vizuri hata kama ufa haujasonga.

Shemeji yangu wa Kisumu aliamua kudai. Alijaza fomu, akaambiwa alete nakala ya leseni, logibuku na picha, kisha asubiri asesa, yaani mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni. Nikamwambia, "Shemeji, zibisha hicho kijitundu leo, hayo mengine yatafuata." Akanijibu, "Nimelipia bima kamili mwaka mzima, kwa nini nitoe pesa tena?" Namwelewa, na haki ni yake. Lakini asesa alipofika, ufa ulikuwa umefika kwenye ukingo wa kioo. Ikabidi kioo kipya, na bei yake ikapita kikomo cha vioo kwenye bima yake, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni hulipia kioo. Tofauti alijazia mwenyewe, na ilikuwa kubwa kuliko bei ya kuziba mara kadhaa. Kumbuka pia kwamba sheria ya bima inaipa kampuni hadi siku 90 kulipa dai. Kwa gari lililogongwa vibaya unaweza kuvumilia. Kijitundu hakitakusubiri.

Tukirudi kwenye pesa, kwanza hakikisha una bima ya aina gani. Ile ya kugharamia watu wengine pekee, tuliyozoea kuiita thadi pati, hailipi kioo chako hata kidogo. Bima kamili, ile inayogharamia hata gari lako mwenyewe, huwa na kipengele cha kioo cha mbele, na nyingi huweka kikomo cha shilingi 30,000 au 50,000 bila malipo ya ziada. Ukitaka kikomo kikubwa zaidi unaongeza ada, mara nyingi asilimia 10 ya kiasi kilichoongezwa. Kwa hiyo kutoka 50,000 hadi 100,000 utaongeza kama shilingi 5,000 kwa mwaka. Kwa gari lenye kamera nyuma ya kioo, kama yale mengi ya kutoka Japani yanayojifungia breki yenyewe, hiyo ni pesa ya kutoa bila kusita, kwa sababu kioo kikibadilishwa kamera nayo huhitaji kupimwa na kupangwa upya.

Halafu kuna eksesi, ile sehemu unayojilipia kabla kampuni haijatoa chochote. Bima nyingine haziitozi kwenye kioo, nyingine huitoza. Ikiwepo, kudai kwa ajili ya kijitundu kunaweza kukuletea sifuri. Mimi mara ya mwisho nilimlipa fundi shilingi 3,000. Hebu weka kiasi hicho kando ya eksesi ya 5,000, uone kama kuna cha kudai. Kuna pia punguzo la ada kwa mteja asiyedai. Si kila kampuni inalo, na wenye kulitoa hawahesabu madai ya kioo kwa namna moja. Na swali ambalo watu husahau: ukishatumia kikomo cha kioo, je, kinajirudisha chenyewe au unalipa ada kukirudisha? Ukikimaliza mwezi wa pili, na barabara hii ni ile ile, miezi kumi iliyobaki huna kinga.

Kumfukuza mwenye lori ili akulipe sikushauri. Huwezi kuthibitisha jiwe limetoka wapi, na kumkimbiza mtu kwenye mteremko wa Salgaa ni kuhatarisha maisha kwa ajili ya kioo.

Kudai, basi, ni lini? Ni pale kijitundu kimezidi ukubwa wa sarafu, kimekaa karibu na ukingo, kimepita hadi tabaka la ndani, au kiko mbele ya macho ya dereva kabisa, ambapo alama itakayobaki itakusumbua usiku taa za magari zikikumulika. Hapo dai bila aibu, ni haki uliyoilipia. Piga picha kabla hujagusa kitu, toa taarifa siku hiyo hiyo, na usibadilishe kioo kabla kampuni haijakubali kwa maandishi, la sivyo wanaweza kukataa risiti yako. Wakikuelekeza kwa fundi wao, uliza kioo ni cha aina gani na gundi inahitaji saa ngapi kabla gari halijatoka. Kioo hicho kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka, na kwenye magari mengi begi la hewa la abiria hukiegemea linapofumuka. Kioo kilichobandikwa haraka haraka mtu aondoke ni hatari. Na kampuni ikikuzungusha bila sababu, Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko ya wateja.

Kuhusu fundi wa kuziba, mwulize kama ana pampu ya kufyonza hewa na taa. Akikutolea kichupa cha supaglu, ondoka. Ukiwa bado safarini, funika kijitundu kwa seloteipu safi isiyo na rangi, usioshe gari, usielekeze hita wala baridi kali kwenye kioo, na usimwage maji ya moto kukiondolea ukungu asubuhi.

Bima yako ikikaribia kuisha, mpigie wakala kabla hujalipa na umwulize manne: kikomo cha kioo ni shilingi ngapi, eksesi ipo au haipo, kikomo kikitumika kinarudi vipi, na je, wanalipia kuziba au kubadilisha tu. Asikujibu kwa mdomo peke yake. Akuonyeshe kifungu kwenye hati yenyewe, ndipo utume pesa.