Kupunguza uzito kabla ya upasuaji wa kansa: yaondoke mafuta, misuli ibaki

Msomaji ametuandikia kwamba mama yake ana kansa ya mji wa mimba, anakaribia kilo 105, na daktari amemwambia apungue kabla ya upasuaji uliopangwa baada ya wiki 5. Ndugu wameshamwanzishia maji ya ndimu na matunda matupu. Hayo yaachwe leo, hata kabla hamjamaliza kusoma.

Daktari anaposema "pungua" anafikiria mafuta. Yakijaa tumboni yanamfichia anachokata, na mgonjwa akilala chali yanabana mapafu. Damu huyafikia kidogo, kwa hiyo mshono huchelewa kufunga na hutunga usaha upesi. Lakini kidonda hufungwa kwa protini, na kukohoa makohozi au kuinuka kitandani ni kazi ya misuli. Anayeshinda njaa hupoteza misuli pamoja na mafuta, na mizani haimwambii kilichoondoka ni kipi.

Kasi inayofaa ni nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Kwa huyu mama ni kilo 3 hadi 5, si 20. Tarehe ya upasuaji isisogezwe kwa ajili ya kilo isipokuwa madaktari wenyewe wameamua.

Protini alenge gramu 80 hadi 100 kwa siku, akigawa kila mlo (mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza). Mayai 2 ni gramu 12, vikombe 2 vya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na gramu 150 za samaki au kuku aliyepikwa ni karibu 38. Hapo ameshafika. Ugali haufukuzwi, ukubwa wa ngumi unatosha, mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Kinachokatwa ni soda, ambayo chupa ya mililita 300 hubeba sukari gramu 30 hivi, sukari ya chai, chapati na mafuta ya kukaangia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120, na mpishi wetu wa kawaida humimina bila kijiko.

Atembee dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Aongeze kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara 10, kisha apumzike na kurudia mara mbili. Kansa hii humwaga damu, kwa hiyo akipata kizunguzungu au moyo kwenda mbio, apimwe wingi wa damu kabla ya kuendelea.

Mambo huharibika zaidi kwenye dawa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula bila kupunguziwa dozi, sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo) na anaweza kuzimia. Vidonge na chai za "kusafisha tumbo" huharisha na kuondoa madini ya potasiamu, na moyo wenye potasiamu pungufu ni hatari kwenye nusu kaputi. Sindano za kupunguza uzito kama semaglutaidi huchelewesha chakula tumboni. Daktari wa usingizi asipoambiwa, mgonjwa anaweza kutapika akiwa amelala na matapishi yakaingia mapafuni. Na sigara iachwe walau wiki 4 kabla.

Mwenye kansa ya koo la chakula, tumbo au kongosho ambaye nguo zimeshaanza kumpwaya asifuate lolote la kupunguza. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6 anahitaji kulishwa kwanza, pengine siku 7 hadi 14, hata kama upasuaji utasubiri.

Siku mbili za mwisho ale kawaida, asijinyime. Kwa kawaida chakula kigumu hukoma saa 6 kabla ya nusu kaputi na maji matupu saa 2 kabla, ila hospitali ikitoa saa zake, afuate hizo.