Mtoa mada, usilipe hiyo laki nne na nusu

Kama hela hujatuma, usitume. Umeuliza mambo matatu: darubini gani, unapigaje picha kwa simu, na nyotamkia gani inafuata. Mimi nashika hilo la darubini tu, maana ni hela yako. Umesema muuzaji amekuahidi darubini ya kioo cha milimita 70 "inayokuza mara 525", kwa hiyo laki nne na nusu, na kwamba utaiona 3I/ATLAS, ile nyotamkia iliyotoka nje ya mfumo wetu wa Jua, ukiwa kibarazani kwako Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Hiyo namba 525 naijua. Niliuziwa nayo kabla ya Oktoba 2024, ikanikosesha kitu ambacho sijui kama nitakiona tena.

Nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS ililizunguka Jua tarehe 27 Septemba 2024, ikatukaribia tarehe 12 Oktoba, umbali wa kilomita milioni 70 hivi. Baada ya hapo ikawa inakaa magharibi kila Jua likizama. Jioni ya Nyerere Dei tukaenda Mpunguzi kwenye shamba la zabibu la shemeji. Nikafunga lenzi ile ile niliyoambiwa ndiyo yenye nguvu, nikaanza kulenga. Stendi inatikisika ukigusa skrubu tu. Ndani ya bomba la darubini weusi mtupu. Watoto wa shemeji wamepanga foleni nyuma yangu, kila mmoja anataka zamu yake, na mimi nawaambia subirini, subirini.

Mzee anayelinda shamba akaja, akageuza ndoo akakalia. Akaangalia kidogo, akasema, "Mwanangu, mnatafuta nini humo? Si ile pale, juu ya mbuyu?"

Ilikuwepo. Kwa macho matupu! Kichwa kinang'aa, mkia umesimama juu kama unaelekea mawinguni. Nilipoacha bomba tayari ilikuwa inashuka kwenye lile vumbi la Oktoba, dakika chache ikapotea. Jioni zilizofuata mwezi ulizidi kukua, tarehe 17 ukawa mpevu, mkia ukamezwa na mwanga. Watoto wale waliona kichwa tu.

Yule muuzaji nilimwambia wazi kwamba nataka kuona nyotamkia. Hakuniambia "hapana, hii siyo". Aliniongezea na lenzi nyingine ya kukuza zaidi, akachaji. Boksi lina picha ya Zohali yenye pete zake, na mtu anayenunua mara ya kwanza atajuaje? Inaniuma kwa sababu wanajua.

Sikiliza hesabu, ni ndogo. Chukua upana wa kioo kwa milimita, zidisha kwa 2. Milimita 70 inakupa mara 140, na hapo ni siku hewa imetulia. Ukivuka hapo unakuza ukungu. Halafu nyotamkia siyo nukta kama nyota. Ni barafu inayogeuka gesi kwa joto la Jua na kutoka na vumbi lake, mwanga umetawanyika eneo kubwa. Ukiukuza sana unautandaza, unafifia mpaka jicho halishiki kitu. Na eneo unaloliona linabana: ni kumtafuta ng'ombe malishoni kwa kuchungulia tundu la kitasa.

Kwa hiyo kwanza giza, kisha darubini ya macho mawili, ile ya waongoza watalii mbugani. Tafuta iliyoandikwa 10x50: inakuza mara 10, kioo cha milimita 50. Au 7x50. Basi. Bomba la stendi likae dukani mpaka ujue anga.

Oktoba 2025 nyotamkia Lemmon ilipotukaribia, tarehe 21, karibu kilomita milioni 89, mwezi ulikuwa mwandamo na giza lilikuwa safi. Kwa 10x50 niliipata chini magharibi bila kuhangaika: kichwa cha kijani kibichi hafifu, na mkia mwembamba ukikaza macho. Mjini watu hawakuona kitu. Ile ya Januari 2025, C/2024 G3, iling'aa kuliko hiyo, ila Januari ya Dodoma ni mvua na mawingu, hapo hakuna kifaa kitakachokusaidia.

Na hiyo 3I/ATLAS, mkuu, hata ilipokuwa karibu nasi kabisa, tarehe 19 Desemba 2025, ilikuwa kilomita milioni 270. Haijawahi kuonekana kwa macho matupu, na inazidi kuondoka. Anayekuahidi kibarazani Nkuhungu, chini ya taa za barabarani, anakuibia mchana kweupe.

Nyotamkia ya jioni nenda upande wa Bahi, nchi imelala na magharibi hakuna taa. Ya alfajiri nenda Hombolo, uziache taa za Mtumba nyuma. Fika kabla Jua halijazama, ujue mashariki na magharibi yako, uzime simu macho yazoee giza. Pesa itakayobaki weka mafuta.

Mimi 10x50 ninayo. Nitumie ujumbe, uje uishike na uiangalizie mwezi kabla hujanunua ya kwako.