Je, Inafaa Kumposa Binti kwa Kumshtukiza Mbele ya Watu?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni kijana, na nina nia ya kumwoa binti ninayemfahamu. Naamini naye ananitaka, ingawa hatujawahi kulizungumza waziwazi. Nimepanga kumposa kwa kumshtukiza. Rafiki zake watamwambia wanakwenda kumpongeza mwenzao, na akifika atanikuta nimesimama na pete. Nitapiga goti, nimwombe awe mke wangu, huku wenzetu wakirekodi kwa simu. Akikubali ndipo nitawatuma wazee kwa baba yake. Kuna ubaya wowote katika dini? Na pete, nimvishe mwenyewe?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Mwanangu, umefanya vyema kutaka ndoa, na umefanya vyema zaidi kuuliza kabla hujatenda. Nakujibu kama ningemjibu kijana wangu wa kumzaa.

Nianze na siri, maana huenda umeambiwa kwamba kumficha mwanamke nia yako ni makosa. Si makosa. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba alipokusudia kumposa binti mmoja, alikuwa akijificha ili amtazame, mpaka akaona kilichomvuta amwoe. Imam Nawawi ameeleza kwamba inapendeza mtu amtazame mwanamke kabla hajaposa, ili asiporidhika aondoke kimya bila kumuumiza. Na Umar (r.a.) alipomwambia Abu Bakr amwoe binti yake Hafsa, Abu Bakr alinyamaza asimjibu neno, hata Umar akaudhika. Baadaye Mtume (s.a.w.) alipomposa Hafsa, Abu Bakr akamweleza mwenzake: nilijua Mtume amemtaja, na sikuwa mtu wa kutoa siri yake. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Basi posa kufichwa mpaka wakati wake ni adabu ya watu wema.

Tatizo la mpango wako ni ule umati.

Hebu jiweke mahali pa huyo binti. Amekuja akidhani ni furaha ya mwenzake. Anafungua mlango, watu wote wamegeuka, simu zimeinuliwa, na wewe uko chini umenyoosha mkono wenye pete. Shangwe zimeanza kabla hajafungua mdomo. Anawaza baba yake hajui. Anawaza pengine anataka kwanza kumaliza masomo, au kuna jambo juu yako alitaka kuuliza. Lakini akisema "nipe muda" umemfedhehesha yeye nawe, na kila mtu amerekodi. Atafanya nini? Atatabasamu, atatikisa kichwa, na watu watapiga vigelegele. Wewe utaenda nyumbani ukidhani umepata ridhaa, kumbe umepata haya zake.

Na ridhaa yake, mwanangu, ni jambo zito katika sheria yetu. Mtume (s.a.w.) amekataza bikira kuozwa mpaka aombwe idhini, na alipoulizwa idhini yake inajulikanaje, akasema ni kunyamaza kwake. Zingatia huruma iliyomo: sheria imejua kwamba binti huona haya, ikamwondolea hata tabu ya kutamka. Kunyamaza huko ni kwa mtu aliyeulizwa kwa utulivu na watu wake wanaomjua, wanaoweza kutofautisha kimya cha kukubali na kimya cha machozi. Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake bila ya kutaka, akamwendea Mtume, naye akaitengua ndoa ile.

Kuna kisa kingine ambacho ningependa ukisome zaidi ya mara moja. Barira, aliyekuwa mjakazi, alipoachwa huru aliamua kutengana na mumewe, Mughith. Mughith alimpenda mno, akawa anamfuata nyuma akilia, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu. Mtume (s.a.w.) akamhurumia, akamwambia Barira: lau ungemrudia. Barira akauliza: ewe Mtume wa Allah, unaniamrisha? Akajibu: mimi ninamwombea tu. Barira akasema: basi sina haja naye. Jambo likaishia hapo, wala hakulaumiwa. Mtume wa Allah mwenyewe alipomwombea mtu kwa mwanamke, alimwachia nafasi ya kusema hapana. Mimi nawe hatuna haki ya kuifunga nafasi hiyo kwa makofi na kamera.

Jambo la pili ni baba yake. Umemweka mwisho, na hapo pana hatari ambayo nadhani hukuiona. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuposa juu ya posa ya ndugu yake, mpaka yule wa kwanza aache au amruhusu. Utajuaje kwamba wiki iliyopita hakuna wazee waliokaa na baba yake wakakubaliwa, na binti mwenyewe ameridhia? Kwa kumzunguka walii, yaani msimamizi wake wa ndoa ambaye hapa ni baba yake, unaweza kuingia katika katazo hilo ukiwa na pete mkononi na hujui. Pia imepokewa kwamba hakuna ndoa ila kwa walii, na wanazuoni wengi wameshika hivyo. Sisemi kwamba kumuuliza binti mwenyewe kwanza ni haramu. La, inajuzu kwa adabu na bila ya kukaa faragha naye. Ila ahadi ya hadharani inayomfanya baba awe mtu wa kupewa taarifa ni kumvunjia heshima, na nyumba nyingi zimeingia ugomvi kwa sababu hiyo hata kabla ya mahari kutajwa.

Uongo wa kwamba mnampongeza mwenzenu, uacheni. Ruhusa aliyopewa mume ya kumwambia mkewe lisilo kweli kwa ajili ya mapenzi na maelewano haikuhusu, kwani huyu si mkeo. Kupiga goti sitakwambia ni shirki kama wengine wanavyotamka haraka, maana hukukusudia ibada, lakini kwangu kuliacha ni bora. Ama pete, kumpa zawadi ni halali, ya dhahabu au ya fedha. Kumvisha kwa mkono wako haifai, kwa sababu posa haimfanyi kuwa mkeo, hata akisema ndiyo mara mia; bado ni ajnabi kwako, yaani si halali kwako kumgusa, mpaka ndoa ifungwe. Na useme wazi tangu mwanzo kama pete hiyo ni zawadi au ni sehemu ya mahari, kwa sababu posa ikivunjika hapo ndipo watu hugombana. Picha na video za binti wa watu kabla ya ndoa, usizisambaze. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa ufanye nini? Swali swala ya istikhara, ya kumwomba Allah akuchagulie lenye heri. Kisha mtume mtu mwenye busara amuulize binti kwa upole kama yuko tayari kuposwa nawe. Khadija (r.a.) alimtaka mbora wa viumbe, na wapokezi wa sira wanasema alimtuma Nafisa bint Munya kumpeleleza kwanza. Akiridhia, wazee waende kwa baba yake. Furaha ya kushtukiza bado ipo: unaweza kukubaliana na baba yake na mama yake, siku ya posa ikafika binti asijue kwamba ni leo, wala asijue zawadi gani inamngojea. Swali lenyewe anakuwa amekwisha kulijibu moyoni mwake kwa hiari. Na ndoa ikishafungwa, mshtukize upendavyo, piga goti ukitaka, mvishe pete kwa mkono wako mwenyewe. Utakuwa unamfurahisha mkeo, na hilo lina thawabu.

Wale rafiki zake uliokwisha kuwaambia, wasiliana nao leo hii, waombe wasitishe mpango na wasimdokezee chochote. Kama miongoni mwao yumo mmoja mwenye staha na anayeweza kutunza siri, huyo anaweza kuwa mjumbe wako, na akirudi na jibu la hapana, lipokee na umwombee binti wa watu heri.

Wallahu a'lam.