Je, kupozwa mwili wakati wa upasuaji wa moyo huharibu kumbukumbu?

SWALI: Daktari, baba yetu alibadilishiwa vali ya moyo wiki tano zilizopita. Tuliambiwa kwamba wakati wa upasuaji mwili wake ulipozwa hadi nyuzi 30 za Selsiasi. Moyo unaendelea vizuri, lakini hupoteza mada katikati ya mazungumzo, na hesabu alizokuwa akizipiga kichwani sasa zinamshinda. Je, ubaridi ule ndio uliomdhuru?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Sidhani kwamba ubaridi ndio wa kulaumiwa, kwani wagonjwa hupozwa kwa makusudi ili ubongo ulindwe: joto linaposhuka kwa nyuzi moja, mahitaji yake ya oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 6 au 7. Mwaka 1952 huko Minnesota, Marekani, kabla mashine ya moyo na mapafu (inayosukuma damu na kuitia oksijeni badala ya viungo hivyo wakati wa upasuaji) haijafanikiwa kutumika kwa binadamu, madaktari walimpoza mtoto wa miaka 5 hadi nyuzi 28 ndipo wakaziba tundu ndani ya moyo wake.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni wakati wa kumrudishia mgonjwa joto, kwani joto likizidi linaweza kuudhuru ubongo. Damu itokayo kwenye mashine huufikia ubongo mapema, kwa hiyo ubongo unaweza kuwa na joto kuliko kile kinachosomeka kwenye kipimajoto kilichowekwa puani au kwenye kibofu, na hayo hutokea hasa pale kazi hiyo inapoharakishwa. Ndiyo maana miongozo ya kitaalamu ya mwaka 2015 inataka damu inayorudishwa mwilini isizidi nyuzi 37. Ama kuhusu kumpoza mgonjwa au kumwacha na joto lake la kawaida, tafiti zilizolinganisha njia hizo mbili hazikuonyesha tofauti ya wazi katika kumbukumbu za wagonjwa.

Usahaulifu huu una vyanzo vingine: vipande vidogo vya uchafu wa mishipa vinavyosafiri na damu, mwili kuvimba kwa ndani baada ya upasuaji, dawa, kukosa usingizi, na (jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii) mishipa ya ubongo iliyokuwa imechakaa tangu awali. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya miezi mitatu hivi. Mpelekeni kliniki mkiwa na dawa zake zote, mweleze mfano huo wa hesabu, na muombe apimwe kumbukumbu iwapo hali haitabadilika kufikia muda huo. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, msisubiri tarehe ya kliniki; hiyo huenda ikawa kiharusi, na anapaswa kufikishwa hospitali papo hapo.