Akiba ya safu ya mbele hupimwaje kabla ya uteuzi wa NFL?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Section 58, Nakuru. Nilicheza raga shuleni, katika safu ya kwanza ya skramu, na siku hizi mimi na wenzangu tunafuatilia futiboli ya Kimarekani, hasa timu ya Kansas City Chiefs. Kila mwezi wa Aprili, kabla ya timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, tunabishana kuhusu wale watano wa safu ya mbele wanaomkinga kwotabeki, yaani anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Mwenzangu huhesabu majina tu: akiona tisa kwenye orodha, husema akiba inatosha. Mimi siridhiki, lakini sina hoja ya kumjibu. Akiba hiyo hupimwaje? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Una haki ya kutoridhika, msomaji wetu. Idadi ya majina haisemi lolote kuhusu siku ya maafa. Swali la kumuuliza mwenzako ni hili: mchezaji fulani akiumia leo, ni wangapi watakaolazimika kuhama nafasi zao? Ikiwa anaingia mtu mmoja kutoka benchi na wengine wote wanabaki walipo, akiba ipo. Ikiwa kuumia kwa mmoja kunawahamisha wawili au watatu, basi akiba haipo, hata orodha iwe ndefu kiasi gani.

Sababu ni kwamba kazi za watano hao hufanana kwa mbali tu. Senta ndiye anayempa kwotabeki mpira kupitia katikati ya miguu yake, na kabla ya hapo huwaelekeza wenzake nani amkabili nani. Gadi wawili walio kandokando yake hupambana na watu wazito mahali penye nafasi finyu. Takeli wawili, walio ukingoni, huwazuia wepesi wanaozunguka kutoka nje, na kwa hivyo huhitaji mikono mirefu na miguu inayorudi nyuma kwa haraka. Hata upande una uzito wake. Takeli wa kulia huanza kurudi nyuma kwa mguu wa kulia, na akipelekwa kushoto, mwili uliozoea hatua hiyo kwa miaka mingi hudaiwa kuifanya kinyume mbele ya mpinzani asiyengoja. Wewe uliyesukuma skramu unalielewa hilo kuliko wengi wetu. Katika kikosi cha raga cha wachezaji 23, kanuni hudai akiba iliyofunzwa kwa kila nafasi ya safu ya kwanza, na sidhani kuna kocha wa Menengai Oilers au wa Kabras anayeweza kulipuuza sharti hilo. NFL haina sharti kama hilo kwa kila nafasi, na ndiyo maana timu hushawishika kuziba pengo kwa kumhamisha mchezaji mzuri.

Chiefs yenyewe ina mifano miwili mikubwa. Mnamo Februari 2021 iliingia kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, bila takeli wake wote wawili wa kawaida: Mitchell Schwartz alikuwa nje tangu Oktoba kwa tatizo la mgongo, naye Eric Fisher alikatika kano ya kisigino katika mechi iliyotangulia fainali. Mike Remmers akahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, Andrew Wylie akatolewa kwenye nafasi ya gadi akawa takeli wa kulia, na Stefen Wisniewski akaingizwa mahali pa Wylie. Kwotabeki wao, Patrick Mahomes, alikimbizwa usiku kucha, na Tampa Bay Buccaneers wakashinda 31 kwa 9. Mwaka huohuo timu ilimsajili Joe Thuney, ikamleta Orlando Brown kutoka Baltimore, kisha katika uteuzi ikamchukua senta Creed Humphrey na gadi Trey Smith. Katika fainali ya Februari 2023 iliishinda Philadelphia Eagles 38 kwa 35, na Mahomes hakuangushwa na mpira mkononi hata mara moja.

Mfano wa pili ndio ninaouona mzito zaidi, kwa kuwa safari hii majina hayakukosekana. Msimu wa 2024 walijaribiwa kadhaa kama takeli wa kushoto, hakuna aliyetulia, na mwishowe Thuney, gadi hodari, akasogezwa huko huku Mike Caliendo akiichukua nafasi yake. Kwa kuziba tundu moja, sehemu mbili zilidhoofika. Katika fainali ya Februari 2025 Mahomes aliangushwa mara sita, Eagles wakashinda 40 kwa 22, na miezi miwili baadaye Chiefs wakalitumia chaguo lao la kwanza, la 32, kumchukua takeli Josh Simmons.

Kwa hiyo chukueni karatasi, mwandike nafasi tano, na kando ya kila moja mwandike atakayeingia bila kumgusa mwanzaji mwingine, yaani yeyote kati ya watano wanaoanza mechi. Jina moja la benchi linaweza kuandikwa mara mbili. Hilo si kosa. Kanuni iliyoanza mwaka 2020 huiruhusu timu kutumia wachezaji 48 siku ya mechi badala ya 47 iwapo angalau wanane ni wa safu hii, na hao wanane humaanisha watu watatu wa benchi kwa nafasi tano. Penye jina la mwanzaji aliyehamishwa, hapo ndipo penye upungufu.

SWALI: Je, ni lazima upungufu huo uzibwe katika raundi ya kwanza? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Si lazima, hasa kwa senta na gadi. Humphrey alichaguliwa wa 63, na Smith wa 226. Takeli huwa adimu zaidi, ingawa Jordan Mailata, aliyetoka kwenye raga ya ligi ya Australia bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, alichaguliwa na Eagles katika raundi ya saba mwaka 2018, akiwa wa 233. Hata hivyo, hakuanza mechi hadi mwaka 2020. Mchezaji wa raundi za mwisho huhitaji muda, kwa hiyo kwenye karatasi yenu ongezeni mwaka ambao mkataba wa kila mwanzaji unakwisha, na anayemaliza msimu ujao atafutiwe mrithi Aprili hii.